Maharagi Yasiyoiva

Mwanamke mmoja wa Kalemie alihamia nyanda za juu za Kivu pamoja na mume wake na watoto wao wanne, kwa sababu mume alikuwa amepata kazi huko. Kwao Kalemie nyumba yao ilikuwa karibu na ziwa Tanganyika. Walizoea jua kali na samaki wabichi. Huku juu walikuta ukungu wa asubuhi, baridi ya usiku, viazi na maharagi.

Siku ya soko mama huyo alinunua maharagi kwa bibi mmoja mzee aliyekaa chini ya mti na kikapu chake. Akarudi nyumbani, akayaosha, akayatia katika sufuria na kuyabandika motoni. Akayapika muda wa saa moja na nusu, kama alivyozoea kwao. Akaonja: magumu. Akaongeza makala, akapepea moto, maji yakatokota kwa nguvu hata kifuniko kikacheza juu ya sufuria. Akaonja tena: bado magumu. Usiku ulikuwa umeingia. Watoto wakala viazi, wakalala.

Juma lililofuata alirudi sokoni, akamwendea yule bibi, akamwambia mbele ya watu wote:

“Bibi, umeniuzia maharagi ya zamani. Nimemaliza makala yangu bure.”

Bibi akajibu: “Hapana, mwanangu. Haya nimeyavuna mwezi uliopita, kwa mikono yangu hii.”

“Maharagi mapya hayakai motoni saa mbili bila kuiva!”

Watu wakakusanyika. Wengine wakacheka. Waliokuwa karibu kununua wakarudisha fedha zao mfukoni, wakaenda kwa wauzaji wengine. Jioni bibi akarudi kwake, na kikapu chake kilikuwa bado kimejaa.

Binti wa mama huyo alikuwa mwanafunzi wa kalasi ya sita. Alikuwapo sokoni siku ile, akayaona yote, akaona haya. Asubuhi yake alimwuliza mwalimu:

“Mwalimu, maharagi yanaweza kuwa mapya na bado yasiive?”

Mwalimu alifikiri kidogo. Hakusema ndiyo wala hapana. Alisema: “Mwombe mama yako konzi mbili za maharagi yale. Na mjomba wako anayefanya kazi melini, atarudi Kalemie lini?”

“Jumatatu, Mwalimu.”

“Vizuri. Tutampa mzigo mdogo.”

Siku ile ile mwalimu alileta darasani sufuria ndogo, makala, na kipimajoto kirefu cha kioo alichokiazima katika shule ya sekondari. Kipimajoto hiki si kile cha hospitali. Kile cha hospitali kinapima joto la mtu mgonjwa, kinaishia digri 42, na ukikitia katika maji ya moto kitapasuka. Kile cha mwalimu kilikuwa na alama kutoka 0 mpaka 110, na kati ya digri na digri palikuwa na alama moja ndogo ya nusu.

“Maji yanachemka kwenye digri ngapi?” akauliza.

“Mia moja!” kalasi nzima wakajibu. Imeandikwa hivyo katika kitabu.

“Basi tutazame.”

Aliwagawa wanafunzi mafungu matano. Kila fungu lilingoja maji yatokote vizuri, likatumbukiza kipimajoto, likasoma na kuandika namba yake bila kuwaonyesha wengine. Halafu mwalimu akaandika namba zote ubaoni:

Fungu la kwanza: 93
Fungu la pili: 93
Fungu la tatu: 92,5
Fungu la nne: 93
Fungu la tano: 96

Hakuna hata fungu moja lililopata 100. Wanafunzi wakatazamana. Mvulana mmoja akasema, “Mwalimu, kipimajoto kimeharibika.” Mwingine akasema, “Tuongeze moto.” Wakaongeza makala. Maji yakaruka juu, mvuke ukajaa darasani, lakini kipimajoto hakikupanda hata alama moja.

Hapo ndipo watoto walipojifunza jambo la kwanza, na mapishi mengi yanaharibika kwa kutolijua. Maji yakiisha kuanza kuchemka, joto lake halizidi tena. Moto ukiwa mkubwa, maji yanageuka mvuke upesi zaidi, hayawi moto zaidi. Makala mengi yanakausha sufuria tu.

“Na fungu la tano?” mwalimu akauliza. “Mbona ninyi mlipata 96?”

Wakasema hawajui. Mwalimu akawaambia wakionyeshe kipimajoto kama walivyokishika. Wakakitumbukiza mpaka kikagusa chini ya sufuria, pale chuma kinapokutana na moto. Wakakiinua kidogo, kikashuka mpaka 93. Namba yao haikuwa ya uongo, walisoma vizuri walichokiona. Lakini walipima joto la sufuria, si la maji. Mwalimu hakuifuta ile 96 ubaoni. Aliizungushia duara, akaandika kando yake sababu.

Mwanafunzi akikuta kipimo kimoja kiko mbali na vingine, asikitupe kwa kuwa kinamwudhi, wala asikipokee kwa kuwa kimeandikwa. Atafute kilitoka wapi.

Sasa, mbona 93? Hewa ina uzito. Hatuusikii, kwa sababu tumezaliwa ndani yake kama samaki ndani ya maji. Hewa yote iliyo juu yetu inatukandamiza, inakandamiza na maji yaliyo katika sufuria. Ili maji yachemke, mvuke wake lazima uwe na nguvu ya kuisukuma hewa hiyo. Pwani ya bahari hewa iliyo juu ni nyingi, basi maji yanahitaji joto la digri 100. Mlimani sehemu ya hewa imebaki chini yetu. Ile iliyo juu ni pungufu, inakandamiza kidogo, na maji yanachemka mapema.

Lakini mapema kiasi gani? Mwalimu alitazama ramani, akaona kwamba shule yao iko kwenye kimo cha meta 2100 juu ya bahari. Kipimo kimoja cha mahali pamoja hakitoshi kuonyesha kanuni. Kwa hiyo alipanga safari tatu, na safari zote zilifanywa na kipimajoto kile kile, ili kama kina kosa, kosa liwe moja kila mahali.

Jumamosi alipanda na wavulana wanne mpaka kilele cha mgongo wa milima ulio nyuma ya kijiji, meta 2700. Walibeba sufuria, kuni na maji. Upepo uliwasumbua, wakajenga ukuta wa mawe kuuzunguka moto. Maji yalichemka kwenye digri 91. Siku ya pili mwalimu alishuka kwa lori mpaka ufukoni mwa ziwa Kivu, meta 1460. Huko alipata digri 95. Halafu alikifunga kipimajoto katika pamba, akakitia ndani ya kipande cha mwanzi, akampa yule mjomba pamoja na konzi moja ya maharagi ya bibi na barua kwa mwalimu mmoja wa Kalemie. Mzigo ukaenda kwa lori mpaka Uvira, na kutoka Uvira kwa meli.

Baada ya majuma matatu mjomba alirudi. Kipimajoto kilikuwa kizima. Mwalimu wa Kalemie alikuwa ameandika mambo mawili. La maharagi tutaliona baadaye. La maji lilikuwa hili: ufukoni mwa ziwa Tanganyika, meta 773, maji yalichemka kwenye digri 97 na nusu.

Basi mwalimu akaandika ubaoni:

Kalemie, kimo meta 773: digri 97,5
Ufuko wa Kivu, kimo meta 1460: digri 95
Shuleni, kimo meta 2100: digri 93
Mgongo wa milima, kimo meta 2700: digri 91

“Tazameni vizuri namba hizi,” akasema. “Kimo kikipanda, joto linafanya nini?”

“Linashuka.”

“Linashuka ovyo, au kwa mpango?”

Kila mwanafunzi akachukua karatasi ya viraba. Chini wakaandika kimo: kila kiraba kimoja kwenda kulia ni meta 100. Pembeni kushoto wakaandika joto, wakianza na 90 chini kabisa: kila kiraba kimoja kwenda juu ni nusu ya digri. Wakatia nukta nne, moja kwa kila mahali. Ya Kalemie ilikuwa juu kushoto, ya mgongo wa milima ilikuwa chini kulia.

Mwalimu akawaambia waweke rula juu ya nukta. Hakuna aliyetarajia hivyo, lakini rula moja ilizipitia nukta zote nne, isipokuwa ya Kalemie na ya ufuko wa Kivu zilikuwa kando kidogo tu, moja juu, moja chini, kiasi cha unene wa mstari wa kalamu au zaidi kidogo. Wakachora mstari. Mwalimu akasema wauendeleze kwenda kushoto, mpaka ufike mahali ambapo kimo ni 0, yaani usawa wa bahari.

Mstari ulifika kwenye 100.

Hakuna mwanafunzi hata mmoja wa kalasi ile aliyewahi kuiona bahari. Kutoka pale mpaka Banana, mahali mto Kongo unapoingia baharini, ni safari ya siku nyingi. Na bado, kwa sufuria na rula, walijua maji yanachemka kwenye digri ngapi huko, na namba waliyoipata ndiyo ile ya kitabu. Yule mvulana aliyesema kipimajoto kimeharibika alikaa kimya akiutazama mstari wake.

Mambo yanayopangwa juu ya mstari ulionyoka hivi yanaweza kuandikwa kwa mlinganyo mfupi. Mwalimu alitaka wanafunzi wautafute wenyewe. Kwanza wakatafuta: ili joto lishuke digri 1, lazima mtu apande meta ngapi?

Kutoka shuleni mpaka mgongo wa milima ni meta 600, na joto lilishuka digri 2. Basi meta 300 kwa digri 1.

Kutoka ufuko wa Kivu mpaka shuleni ni meta 640, na joto lilishuka digri 2. Basi meta 320 kwa digri 1.

Kutoka Kalemie mpaka mgongo wa milima ni meta 1927, na joto lilishuka digri 6,5. Wakagawanya: meta 296 na kidogo kwa digri 1.

“Mwalimu,” akasema yule msichana, “mara 300, mara 320, mara 296. Ipi ni ya kweli?”

Ulizo lake lilikuwa jema kuliko majibu mengi. Kipimajoto chao kina alama za nusu digri. Jicho haliwezi kusoma kisichoandikwa. Kama kweli ilikuwa 95 na sehemu ndogo, waliandika 95. Tena uzito wa hewa hubadilika kidogo siku kwa siku, mvua ikija au ikiondoka. Kwa hiyo vipimo vya kweli haviji safi kama hesabu za kitabuni, ambapo kila kitu kinagawanyika bila kubaki. Lakini vyote vitatu viko karibu na 300. Wakachukua 300.

Sasa wakaita kimo K na joto la kuchemka J. Penye bahari J ni 100. Kwa kila meta 300 za kupanda, ondoa 1. Meta 300 zimo mara ngapi katika kimo? Gawanya K kwa 300. Basi:

J = 100 – K : 300

Huo ndio mlinganyo. Namba 100 inaonyesha mstari unaanzia wapi. Namba 300 inaonyesha mstari unashuka kwa kasi gani. Herufi K na J si fumbo: ni nafasi mbili zilizoachwa wazi, na ukijaza moja, nyingine inajijaza.

Wakaujaribu. Shuleni K ni 2100. Gawanya kwa 300, unapata 7. Ondoa 7 katika 100, inabaki 93. Ndiyo namba waliyoisoma.

Wakapanda kwa mlinganyo mahali wasipoweza kupanda kwa miguu. Nyiragongo, mlima wa moto ulio karibu na Goma, una meta 3470: huko maji yanachemka karibu na digri 88 na nusu. Kilele cha Margherita katika milima ya Ruwenzori kina meta 5109: pale juu, penye barafu, maji yanachemka kwenye digri 83. Watu waliopima milimani wamepata hivyo hivyo.

Mlinganyo unaweza kusomwa pia kutoka upande wa pili. Kama tunajua J, tutapata K:

K = 300 × (100 – J)

Msafiri akifika mahali asipopajua, akachemsha maji, akaona yanachemka kwenye digri 96, atafanya hesabu: 100 toa 96 ni 4, mara 300 ni 1200. Yuko juu ya bahari meta 1200, karibu kimo cha mji wa Lubumbashi. Sufuria imekuwa chombo cha kupimia milima.

Si wanafunzi hawa waliokuwa wa kwanza kufikiri hivyo. Zamani wasafiri walipima vimo kwa chombo cha kioo kirefu chenye zebaki kinachoonyesha uzito wa hewa, lakini kilikuwa kizito na kilivunjika njiani. James David Forbes, mtaalamu wa Scotland, alitaka wasafiri waweze kutumia maji yanayochemka badala yake. Alipima katika milima ya Alpes na kwao Scotland, na mwaka 1857 akachapisha vipimo 17 vya joto la kuchemka na uzito wa hewa. Kumi na sita vinafuatana karibu kabisa na mstari mmoja. Kimoja kiko kando, kama ile 96 ya fungu la tano. Mpaka leo walimu wa vyuo vikuu wanawapa wanafunzi wao vipimo hivyo ili wachore mstari na kukitafuta hicho kimoja.

Na mwaka 1858, mwaka mmoja tu baadaye, maji yalichemshwa ufukoni mwa ziwa Tanganyika.

Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walifika Ujiji mwezi wa pili wa mwaka ule, wakitoka pwani ya Zanzibar. Katika msafara wao alikuwamo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewafaa sana kwa lugha na kwa akili. Walitaka kujua mto Nile unatoka wapi. Walipima kimo cha ziwa kwa maji ya moto, na hesabu yao ikatoa karibu futi 1850, yaani karibu meta 560. Leo tunajua kwamba ziwa liko kwenye meta 773. Walikosea zaidi ya meta 200.

Wanafunzi wakacheka: meta mia mbili! Mwalimu akawaambia wasicheke, wahesabu kwanza. Kwenye meta 773 maji yanachemka kwenye digri 97,4. Kwenye meta 560 yanachemka kwenye digri 98,1. Tofauti ni 0,7 ya digri. Kipimajoto kidogo kisicho sawa, kilichosafirishwa miezi mingi juani na mvuani, kilitosha kulishusha ziwa zima.

Mwaka 1864 Mwingereza mwingine, Samuel Baker, alifika kwenye ziwa alilolipa jina la Albert, ambalo sasa liko mpakani kati ya Kongo na Uganda. Alipata kimo cha futi 2720, karibu meta 830. Kweli yake ni karibu meta 620. Naye alikosea zaidi ya meta 200, lakini kwa kwenda juu.

Tazameni matokeo. Kweli ni kwamba Tanganyika iko juu kuliko Albert, kama meta 150. Kwa vipimo vya wasafiri Tanganyika ilikuwa chini kuliko Albert, meta 270. Burton alidai kwamba maji ya Tanganyika yanakwenda kaskazini mpaka Albert na kuingia Nile. Waliompinga walisema: maji hayapandi mlima! Burton akajibu kwamba kipimajoto kilikuwa kibaya. Ugomvi ukawa mkali katika Ulaya, wala vipimo vile havikuweza kuumaliza, kwa kuwa kosa lake lilikuwa kubwa kuliko tofauti iliyotafutwa.

Juu ya kipimajoto Burton alisema kweli. Juu ya maji alikosea. Watu wa ziwani walikuwa wamekwisha kumwambia mwaka 1858 kwamba mto Ruzizi unaingia ziwani, hautoki. Mwezi wa kumi na moja mwaka 1871 Livingstone na Stanley walikwenda kwa mtumbwi, wakaona kwa macho kwamba ni hivyo. Na mwaka 1874 Verney Lovett Cameron aliukuta mto Lukuga upande wa magharibi, karibu na mahali palipo mji wa Kalemie sasa. Huo ndio mlango wa maji ya ziwa: Lukuga inaingia Lualaba, na Lualaba ndiyo mto Kongo. Maji ya Tanganyika hayaendi Misri, yanapita Kisangani na Kinshasa.

Msichana alifurahi sana kusikia habari za Lukuga. Alikuwa amefua nguo katika mto huo.

Sasa turudi kwenye maharagi. Mwalimu wa Kalemie aliandika katika barua yake: “Maharagi uliyoyatuma niliyapika bila kuyaloweka, katika sufuria yenye kifuniko. Yaliiva kwa saa moja na nusu. Ni mazuri, niletee mengine.”

Konzi ya pili mwalimu aliipika shuleni, naye bila kuyaloweka, katika sufuria yenye kifuniko. Saa moja na nusu ilipofika, yalikuwa magumu. Yaliiva baada ya saa mbili na dakika arobaini na tano. Maharagi ni yale yale, ya kikapu kimoja. Joto ndilo lililokuwa tofauti: Kalemie digri 97 na nusu, shuleni digri 93. Digri nne na nusu zinaonekana kitu kidogo, lakini maharagi yanazisikia.

Ni kweli kwamba maharagi ya zamani nayo yanachelewa kuiva. Kwa hiyo mama hakufikiri jambo la upuuzi. Lakini maharagi ya zamani yangechelewa Kalemie pia, na haya hayakuchelewa.

Msichana aliichukua barua, pamoja na karatasi yake ya viraba, akamwonyesha mama yake jioni. Mama aliweka kidole juu ya nukta ya Kalemie, akakishusha polepole kufuata mstari mpaka nukta ya shule. Akauliza: “Kwa hiyo nikiongeza makala?”

“Hakuna, Mama. Yanabaki 93. Mwalimu amesema tuyaloweke usiku kucha kabla ya kupika, tufunike sufuria, na moto uwe wa kiasi, maji yaendelee kutokota tu.”

Usiku ule mama aliloweka maharagi yaliyobaki. Siku ya soko aliondoka mapema, na binti yake akamfuata. Bibi alikuwa chini ya mti ule ule. Mama akapiga magoti kidogo kumsalimu, na akasema kwa sauti, ili wasikie wale waliosikia mara ya kwanza:

“Bibi, maharagi yako ni mapya. Mimi ndiye sikujua kuyapika huku juu. Nisamehe. Nipimie vipimo vinne.”

Bibi akampimia vinne, akaongeza konzi moja juu.

MAULIZO NA KAZI

1. Kwa nini kipimajoto hakikupanda wanafunzi walipoongeza makala?

2. Fungu la tano lilikosea nini? Kwa nini mwalimu hakuifuta namba yao?

3. Bukavu iko karibu meta 1500 juu ya bahari. Tumia mlinganyo: maji yanachemka kwenye digri ngapi huko?

4. Msafiri anachemsha maji, anasoma digri 94. Yuko kwenye kimo cha meta ngapi? Kama kipimajoto chake kinaonyesha nusu digri zaidi ya kweli, kimo chake cha kweli ni meta ngapi?

5. Kilele cha Kilimanjaro kina meta 5895. Mpishi aliye pale juu anataka kupika maharagi. Hesabu J, halafu umshauri.

6. Tafuteni mshumaa mmoja. Pimeni urefu wake kwa rula, muwashe, halafu mpime tena kila baada ya dakika kumi, mara tano. Andikeni namba zote, chora nukta juu ya karatasi ya viraba, mweke rula. Herufi U iwe urefu, herufi D iwe dakika. Andikeni mlinganyo wenu. Kwa mlinganyo huo semeni mshumaa utazimika saa ngapi, halafu mngoje mwone.